Jina la Bwana

Télesphore Harelimana alikuwa na majina mawili, moja la ubatizo na jingine la baba yake, na yote mawili yalikuwa mazima, hayana ufa. Watu wa kodi waliyajua. Askari wa barabarani waliyajua, tena waliyatamka vizuri sana walipotaka kitu. Mtu mmoja tu katika mtaa mzima wa Katoyi, mjini Goma, hakuwahi kuyatoa kinywani, naye ndiye aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana wao.

Mkewe, Séraphine, alimwita Papa Chance, kwa jina la binti yao wa kwanza. Akiwa na haraka alimwita "Sikia." Akiwa na hasira alimwita "mutu ule," hata kama mtu ule ameketi mbele yake anakula maharagwe. Katika simu alimwandika FORMAJI, kwa sababu Télesphore aliuza formaji, yaani jibini, za Masisi, zile za duara, pale sokoni. Ikawa kila akipiga simu, neno linawaka, na wajukuu wanakuja mbio wakidhani kuna kitu cha kula.

Msimlaumu haraka. Alikotoka, kwenye milima ya Masisi, mke mwenye adabu halitaji jina la mume wala la wakwe. Siku alipoingizwa nyumbani kwa Télesphore, mama mkwe wake, Mukamugema, alimketisha kwenye mkeka akamwambia kwamba jina la bwana ni kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa leo: hayatembezwi barabarani. Wanawake wengi waliambiwa maneno hayo, wakaitikia kwa heshima, na walipofika mjini wakayasahau pamoja na mkeka wenyewe. Séraphine hakusahau. Séraphine akishika jambo, kupe atakuja kwake kujifunza.

Hasara zilikuwepo. Walipoishi kambini Mugunga, mtu mmoja wa msaada alimwuliza bwana wake anaitwa nani. Séraphine akatazama chini. Akaulizwa tena, akatazama chini zaidi. Yule mtu akaguswa moyo, akamweka upande wa wajane. Télesphore aliporudi kutoka kutafuta kuni akakuta wanawake wa jirani wanamlilia, na mkewe ameketi juu ya bashi, turubai jipya la buluu, kubwa kuliko la wenye waume.

"Weye ulikufa," Séraphine akamwambia. "Lakini angalia bashi."

Walilala vizuri chini ya bashi lile, marehemu na mjane wake, na Télesphore alipokuwa akikisimulia kisa hicho sokoni alicheka mpaka akashikilia meza.

Kisa kimoja tu hakukisimulia. Mwaka ule volkeno ya Nyiragongo ilipomwaga moto, na siku chache baadaye serikali ikaamuru watu wahame, mji ulijimwaga kwenye barabara ya Sake na magodoro kichwani. Katika msukumano ule mikono yao iliachana. Séraphine akapaza sauti, "Papa Chance! Papa Chance!" Sasa, Goma ni mji ambao ukirusha jiwe juu ya bati lolote litamwamsha Chance mmoja. Wanaume wakageuka wa kila namna, warefu, wafupi, na mmoja aliyebeba televisheni. Télesphore naye alisikia, kwa mbali, upande wa pili wa lori, akajisemea kwamba huyo ni mke wa Papa Chance mwingine, akaendelea na safari. Walikutana kesho yake huko Sake, kwenye uwanja wa shule, kila mmoja macho mekundu, wakashikana, wakaenda kutafuta maji. Hakumwambia kitu. Lakini tangu siku hiyo alikuwa na njaa moja ambayo formaji haikuiponya. Alitaka kusikia mke wake akimwita kwa jina, hata mara moja tu, ili ageuke amwambie, "Niko hapa."

Ndipo akaja padri mpya.

Padri Barthélemy Mulumeoderhwa alikuwa Mushi wa upande wa Bukavu, kijana, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili. Jumapili yake ya kwanza katika parokia yao ndogo aliona kwamba wakati wa Komunyo nusu ya wazee walibaki kwenye mabenchi wakiangalia viatu vyao. Akauliza sababu. Akaambiwa kwamba hao walioana kwa ng'ombe na kwa baraka za wazee, wakisema ndoa ya kanisa watafunga mwakani. Halafu vita vikaja, wakakimbia, wakakimbia tena, na mwakani haikuwahi kufika. Padri akasema basi mwakani ni mwaka huu. Baada ya Pasaka angefungisha ndoa za wote kwa pamoja, bila keki, bila gauni la kukodi, bila visingizio.

Télesphore alikwenda kujiandikisha kabla baraka ya mwisho haijaisha. Miaka mingi alikuwa amebaki kwenye benchi na Séraphine wake, wameshiba nyumbani na wana njaa kanisani. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia padri. Alijua kwamba siku ya ndoa kila mmoja hutaja jina la mwenzake mbele ya altare. Hapo Séraphine hatakuwa na pa kupitia.

Mafundisho yalifanyika Jumamosi mchana, kwenye jengo la katekesi lenye bati linalovuja. Padri alisimama mbele ya wazee wale kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Ndoa ni picha," alisema. "Ukitaka kujua Kristo anapenda Kanisa namna gani, hautapanda mbinguni kuchungulia. Utaangalia bwana na bibi yake. Bwana ni picha ya Kristo. Bibi ni picha ya Kanisa."

Wazee wa kiume wakakaa sawa kwenye mabenchi, wakavuta makoti. Mama mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Padri, hii picha yangu mimi, waliipiga mu giza."

Darasa likaanguka kicheko, na mzee wa mama huyo akalegeza koti. Padri alicheka pia, lakini hakuliacha neno lake. Alisema picha inaweza kuchafuka, inaweza kukunjwa na kulowa mvua, na bado mwenye macho atamtambua aliyepigwa. Séraphine alisikiliza bila kupepesa. Yeye mafundisho hakuyachukua kama wanavyochukua wengine, yaani kuyasikia na kuyaacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Jumamosi iliyofuata walifanya mazoezi ya maneno ya ndoa. Télesphore alishika karatasi akasoma mbio mbio, kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa, "Mimi Télesphore Harelimana nakupokea wewe Séraphine Umwiza uwe mke wangu," mpaka mwisho. Kisha akakunja karatasi, akasimama kumsubiri mkewe, na moyo wake ukaanza kupiga kama wa kijana.

"Mimi Séraphine Umwiza," akasema Séraphine vizuri kabisa, "nakupokea weye..." Akakohoa. Akarekebisha kitenge. "Nakupokea weye, huyu."

"Huyu nani?" akauliza padri.

"Huyu hapa."

"Iko na jina, mama."

"Iko nalo, padri. Jina zuri sana."

"Ulitaje."

Séraphine akatazama chini, na Télesphore, aliyeijua vizuri namna ile ya kutazama chini, akakumbuka bashi la buluu.

"Mama," akasema padri kwa upole, "Kanisa haiwezi kukufungisha ndoa na Huyu. Bahuyu biko bengi."

Séraphine akajaribu tena. "Nakupokea weye Papa Chance." Padri akauliza, na kama Chance asingezaliwa? Séraphine akamjibu kwamba Chance alizaliwa, yuko Munigi, ana watoto, padri anaweza kwenda kumwona. Darasa lilikuwa limeshasahau Kristo na Kanisa kabisa. Watu walikuwa wanajifuta machozi kwa vitenge.

Padri aliwabakisha wawili hao wengine walipoondoka. Alifikiri ni haya tu ya wazee.

"Mama Séraphine, unaogopa nini?"

"Zambi, padri."

"Zambi gani?"

"Amri ya pili." Akainuka, akaunganisha mikono kama mtoto wa katekesi, akasema kwa sauti, "Usitaje bure jina la bwana."

Tone la mvua likaanguka kutoka kwenye bati likagonga ndoo. Padri alimtazama Télesphore, Télesphore akamtazama padri, na wote wawili waliona jambo lile lile kwa wakati mmoja.

Kumbe ilikuwa hivi. Séraphine alipoingia katekesi alikuwa msichana asiyejua Kiswahili, anajua Kinyarwanda tu. Katekista alifundisha kwa Kiswahili. Neno la kwanza la Kiswahili ambalo msichana yule alilishika lilikuwa bwana, kwa sababu nyumbani kwao ndicho kitu walichokuwa wakimtafutia. Alipofika kwenye amri ya pili, yale maneno mengine aliyapita kama mtu anayeruka dimbwi, akatua juu ya bwana. Usitaje bure jina la bwana. Baadaye mama mkwe akamwambia yale yale kwenye mkeka.

"Nilifurahi sana," akamweleza padri. "Nikasema, kumbe Mungu na mama mukwe banasikilizana. Siku moja nililitaja mu ndoto. Nikaenda kwa katekista kumwambia. Akasema nipunguze kula maharagi magaribi."

Padri alijitahidi, Mungu ni shahidi wake. Alibana midomo, akatazama msalaba ukutani, lakini kicheko kikatafuta njia kikatokea puani. Alipokwisha kujifuta akaeleza kwamba Bwana wa amri ile ni Mungu mwenyewe, kwa herufi kubwa. Huyu wa formaji ni bwana wa herufi ndogo.

Séraphine hakucheka. "Padri, siku ile ulisema bwana ni picha ya Kristo."

"Nilisema."

"Ile picha ya Yesu mu ukuta, mimi naweza kuishusha nipanguze nayo chini?"

"Hapana, mama!"

"Basi," akasema Séraphine, akaketi.

Padri alifungua kinywa. Miaka yote ya seminari ilipita mbele ya macho yake, na hakuona humo ukurasa wa kumjibu mwanamke huyu. Na Télesphore? Sikuzote alidhani mkewe analificha jina lake kwa kumwogopa mama yake. Hakujua kwamba mwanamke huyu, aliyemwita "mutu ule," aliliweka jina lake kwenye rafu moja na la Mungu. Alijisikia mkubwa kuliko Nyiragongo, na pia alijisikia mpweke, kwa sababu kwenye rafu ile hakuna mtu anayefika kukuletea chai.

Ndipo padri akapiga paji la uso. Kumbe kitabu cha ibada kinayo njia nyingine! Padri mwenyewe anaweza kuuliza, "Je, unampokea fulani awe mume wako?" na bibi harusi akajibu tu, "Ndiyo." Jina linabaki kinywani mwa padri, na padri hana mama mkwe.

Séraphine akapiga makofi. Padri akapumua. Kila mtu alifurahi isipokuwa bwana harusi.

"Miye sitaki," akasema Télesphore.

"Hutaki ndoa?"

"Ndoa nataka. Sitaki ndiyo. Ndiyo anaambiwa hata mutu wa makala ya kupikia. Mama, unataka gunia? Ndiyo." Akachukua kofia yake akatoka kwenye mvua.

Kuanzia siku hiyo Télesphore aligoma. Hakugoma kula wala kufanya kazi, aligoma kuitika. Ukimwita Papa Chance, hasikii. Séraphine alisimama mlangoni akaita, "Papa Chance, chakula!" na mwanaume aliyeketi mbele yake alitazama mawingu kana kwamba ni mgeni mjini. Séraphine akaita tena. Kisha akachukua mfuniko wa sufuria akaugonga kwa mwiko karibu na sikio lake, akaingia ndani, na sahani ikaliwa na wajukuu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Sokoni mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana wateja wake wote walimjua kwa jina la Chance. Mama mmoja wa hoteli alimwita na kumwita akitaka formaji nyingi za sherehe, akachoka, akanunua kwa jirani. Wajukuu walinenepa wiki hiyo. Télesphore alikonda, lakini hakulegea, na siku ya ndoa ikakaribia.

Njaa ilipomzidi alikwenda kwa mama yake. Mukamugema alikuwa mzee sana sasa, masikio mazito, akiishi katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, na redio ambayo hakuisikia lakini hakuruhusu izimwe. Nje ya dirisha Séraphine alikuwa anasonga fufu kwenye jiko la makaa.

"Mama," Télesphore akapaza sauti, "umufungulie! Sheria ni yako. Mwambie anitaje!"

"Nikufungulie nini? Mulango?"

"Jina langu!"

Kikongwe akafikiri. Akasema sheria si yake. Yeye alipewa na mama mkwe wake, na kama Télesphore ana shida aende kumwuliza yule, yuko Masisi, chini ya mti wa parachichi, amezikwa upande wa kushoto.

Hapo Télesphore alichemka. Yale aliyoyafunga tangu siku ya Sake yakatoka yote pamoja, kwa sauti ya kumfikia kiziwi. "Siku ile ya kukimbia aliniita Papa Chance! Nilimusikia, mama! Nilisikia sauti ya bibi yangu, nikasema ni bibi ya mutu, nikaenda! Angesema jina langu ningegeuka!"

Nje mwiko ukanyamaza. Séraphine akaja mlangoni, mikono yake ina unga.

"Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Ukaenda?"

Télesphore akatazama chini.

"Na weye," akauliza Séraphine polepole, "siku ile uliniita nani?"

Nyani haoni kundule. Mzee wa watu alifungua kinywa kujibu kwa kishindo, akajiona tena barabarani, godoro begani, akizunguka katikati ya umati akilia kwa nguvu zake zote, "Mama Chance! Mama Chance!" Tangu binti yao azaliwe hakuwahi kumwita mke wake kitu kingine. Hakuna mama mkwe aliyemkataza, hakuna amri. Alikuwa tu hajafikiria.

"Nilisikia," Séraphine akasema. "Nilisikia mwanaume analia Mama Chance, Mama Chance. Nikasema, masikini huyu, bibi yake alipotea. Nikamuombea."

Télesphore akaketi kwenye kitanda cha mama yake. Alitaka kucheka, akakuta analia, na Séraphine pale mlangoni alikuwa katika hali ile ile, anajifuta uso kwa mikono ya unga mpaka akawa mweupe kama mtu wa kinu cha unga. Mukamugema aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Sijui alisikia kiasi gani. Lakini akazima redio, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

"Mimi bwana yangu nilimuita jina," akasema. "Siku moja tu. Alikuwa amelala mu sanduku, watu wanataka kufunga. Nikamuita. Hakugeuka."

Akatikisa kichwa, kisha akanusa hewa. "Fufu inaungua," akasema, akawasha redio yake.

Kesho yake Télesphore alikwenda kwa padri akamwambia kwamba ndiyo inatosha. Hakuwa na hasira tena, wala hakuwa na haki ya kuwa nayo. Alirudi sokoni, akaitika kila aliyemwita Papa Chance, hata waliomwita kwa makosa. Na wateja wasipokuwepo, wauzaji wa jirani walimsikia akiziambia formaji zake, kwa taratibu, moja baada ya moja, "Séraphine. Séraphine Umwiza." Wakadhani ni njaa ya ile wiki.

Siku ya ndoa ilikuwa na jua. Wazee walijipanga mbele ya altare wawili wawili, mashati meupe, vitenge vya sare, na watoto wao na wajukuu wao wamejaa mpaka nje kwenye mawe meusi ya volkeno, wakipiga picha kwa simu. Chance alitoka Munigi na familia yake yote. Mukamugema aliwekwa benchi la mbele kwa sababu ya masikio. Mzee mmoja, alipoulizwa kama anampokea mama yule awe mke wake, alimjibu padri kwa mshangao, "Lakini nilishamupokea zamani, padri, angalia hawa batoto!" na kanisa zima likapiga makofi.

Zamu ikawafikia. Télesphore hakuwa na karatasi. Alimgeukia mke wake akamtazama, na jina akalitamka taratibu, kwa sauti ya mtu anayemtafuta mwenzake katika umati. "Mimi Télesphore Harelimana, nakupokea wewe, Séraphine Umwiza." Midomo ya Séraphine ilicheza kidogo. Hakuwa amelisikia kinywani mwa mumewe tangu ujana wao, ukiondoa ile siku ya mazoezi, alipolisoma kama maandishi ya chupa ya dawa.

Padri akafungua ukurasa wake wa njia ya pili. "Séraphine Umwiza, je, unampokea Télesphore Harelimana awe mume wako?"

Ilibaki ndiyo tu. Séraphine alinyamaza.

Padri akasubiri. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Séraphine alikuwa anatazama chini, kule kule kwa siku zote. Télesphore alimwona. Alijiambia kwamba ameharibu mwenyewe, kwamba kwa kugoma kwake amemfanya mwanamke huyu aogope hata ndiyo. Kiongozi wa kwaya, kwa kuwahurumia, aliinua mkono ili waanze wimbo.

"Padri, ngoja," akasema Séraphine. "Ile amri. Inasema bure."

"Inasema bure, mama."

"Usitaje bure."

"Ndiyo."

"Leo ni bure?"

Padri Barthélemy Mulumeoderhwa alishusha kitabu. "Hapana, mama," akasema. "Leo si bure."

Séraphine akainua macho. Akasema neno, dogo sana, ambalo halikuvuka hata nafasi iliyokuwa kati yao, na Télesphore aliona tu midomo yake ikilitengeneza.

"Amesema nini?" akauliza Mukamugema kwa sauti ya kiziwi iliyojaa kanisa lote. "Sikusikia! Aseme!"

Basi Séraphine akasema. Alivuta pumzi akaita kwa sauti ile ya barabara ya Sake, ile aliyokuwa ameiweka tangu siku hiyo, "Télesphore! Télesphore Harelimana!" Wajukuu walishtuka. Vijana wa pikipiki nje walizima injini. Chance, aliyekuwa hajawahi kumsikia mama yake akilitamka, aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Niko hapa," akasema Télesphore.

Alikuwa hatua moja tu mbele yake, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola, hana habari nayo. Jibu hilo halimo katika kitabu cha ibada. Padri alilitafuta kwa macho, hakuliona, na akaliacha kama lilivyo. Alikuwa ameandaa neno la kuongeza juu ya Kristo na Kanisa, lakini akalikunja akalitia mfukoni. Akamwuliza Séraphine kama huyo ndiye anayempokea, na Séraphine akamjibu, "Ndiyo, padri, ni huyu," na safari hii hakuna aliyeuliza huyu nani.

Siku hiyo walikwenda Komunyo pamoja, na benchi lao likabaki tupu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Télesphore mbele amebeba kiti cha mama yake, Mukamugema juu ya pikipiki iliyotambaa kando yao, akilaumu mwendo, Séraphine nyuma na viatu vyake vipya mkononi kwa sababu ya mawe. Njiani Télesphore alingoja. Alipunguza mwendo, akajikohoza, akajifanya amechoka.

"Unataka nini?" akauliza Séraphine.

"Hapana kitu. Nilifikiri labda utaniita."

"Kwa kazi gani?"

"Bila kazi. Hivi tu."

"Hivi tu ndiyo bure," akasema Séraphine. "Endelea."

Akaendelea, akitabasamu peke yake kama mwehu. Karibu na kona ya soko, mahali penye watu wengi, Séraphine alikanyaga jiwe kali, akasimama kwa mguu mmoja, akaita, "Papa Chance!"

Wanaume wawili waligeuka pale barabarani. Télesphore alikuwa ameshageuka kabla yao.